Mshipa wa Shingo Hausubiri Msimu wa Masoko

Mkono ukifa ganzi kwa robo saa kisha ukarudi, wengi wetu huku Tabora tunamshukuru Mungu na kurudi shambani. Mdomo ukipinda asubuhi na kufikia adhuhuri umenyooka, tunasema upepo ulimpitia, bibi mmoja atachemsha majani anayoyajua, na jambo litaishia hapo. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Nimewapokea watu wa namna hiyo wakiletwa wiki chache baadaye kwenye bajaji, nusu ya mwili haifanyi kazi, ulimi mzito, macho yanamtafuta mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Wengi wao walikuwa wamepata onyo. Onyo lilikuja, likapita, wao wakadhani wamepona.

Kati ya hao wapo wachache ambao onyo lao hutoka shingoni, kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Hao kiharusi chao kinaweza kuzuiwa kwa upasuaji wa kuufungua na kuusafisha mshipa huo. Tabu ni kwamba upasuaji huo huo unaweza kuleta kiharusi, mgonjwa akiwa mezani au siku chache baada ya kutoka. Ndugu wakisikia hivyo wanarudi nyuma, na siwalaumu, hofu yao ina msingi. Lakini nilichokiona kwa mjomba wangu, na nilichokisoma tangu hapo, vimenifanya niamini kwamba kwa mgonjwa wa aina yake hatari ya mezani ni ndogo kuliko hatari ya kungoja nyumbani. Ya mezani ina watu wanaoilinda dakika kwa dakika. Ya nyumbani haina mlinzi.

Mjomba analima tumbaku Urambo. Tangu ujana wake amelala mbele ya bani akichochea moto ili majani yakauke, na miaka yote hiyo amevuta tumbaku ya shamba lake mwenyewe, ameisokota kwenye karatasi ya daftari. Presha alijua anayo. Vidonge alimeza akijisikia vibaya, akapumzika navyo akijisikia vizuri. Siku hiyo alikuwa anafunga marobota, mkono wa kulia ukaiachia kamba. Akataka kumwita kijana aliyekuwa naye, maneno yakatoka yamevurugika. Kijana akadhani mzee ana hasira. Kabla chai haijachemka kila kitu kilikuwa kimerudi.

Mkewe alinipigia simu jioni. Alianza na habari za mvua, akaja za watoto, na hii akaiweka mwisho. “Mjomba wako mchana alishikwa kidogo, mwanangu, lakini sasa mzima kabisa, amekula ugali wake wote.” Nikamuuliza ni mkono gani. Wa kulia. Nikamuuliza kama jicho limewahi kumsumbua. Akacheka: mbona unajua? Kumbe siku za nyuma jicho la kushoto lilikuwa limeingia giza ghafla, kama mtu ameshusha pazia, likafunguka baada ya dakika chache. Mjomba alisema ni vumbi la tumbaku.

Mkono wa kulia, maneno, na jicho la kushoto. Mtu asiyesoma udaktari ataona ni mambo matatu yasiyohusiana. Lakini upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotunga maneno. Jicho la kushoto nalo linapata damu kutoka mshipa wa shingo wa upande huo huo. Vyote vitatu vinanyoosha kidole kwenye sehemu moja: shingo, upande wa kushoto, chini kidogo ya pembe ya taya. Hapo ateri ya karotidi inagawanyika njia mbili, moja inaingia kwenye ubongo na nyingine inalisha uso na ngozi ya kichwa. Kwenye hiyo njia panda ndiko mafuta hupenda kujijenga ndani ya ukuta wa mshipa, hasa kwa mvutaji, mwenye presha, mwenye kisukari na mwenye lehemu nyingi, yaani mafuta kwenye damu. Watu hufikiri hatari ni mshipa kuziba polepole mpaka damu isipite. Mara nyingi sivyo. Mafuta yale hupasuka juu yake, damu inaganda kwenye kidonda, na vipande vinakatika kufuata mkondo kwenda kwenye ubongo. Kipande kidogo kikiyeyuka haraka, mkono unarudi. Kisipoyeyuka, haurudi.

Nikamwambia aje Tabora kesho yake. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua: “Masoko yakiisha nitakuja.” Kwa mkulima wa tumbaku masoko ni kila kitu. Ndipo jasho la mwaka mzima linapopimwa na kulipwa, madeni ya mbolea yanakatwa, ada za watoto zinapatikana. Nilimwelewa. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba masoko yana mwanawe mkubwa wa kuyasimamia, lakini huo mshipa hauna mtu wa kumwachia.

Haraka yangu haikutoka kwenye woga wa kike, kama mjomba mdogo alivyosema. Inatokana na hesabu ambazo dunia imezilipia kwa miaka mingi.

Mwaka 1951 daktari wa Kanada, C. Miller Fisher, alieleza jinsi ugonjwa wa mshipa wa shingo unavyohusiana na kiharusi, akaona mbele kwamba siku moja mafundi wa upasuaji wangeweza kuufungua. Hazikupita siku nyingi. Mwaka 1953 Michael DeBakey, huko Houston, alisafisha mshipa wa dereva wa basi, ingawa habari hiyo aliichapisha miaka mingi baadaye. Mwaka 1954 Eastcott, Pickering na Rob wa hospitali ya St Mary's, London, walitangaza kisa cha mama aliyekuwa akishikwa na kuachiwa mara kwa mara kama mjomba. Ili ubongo wake uvumilie dakika za kukosa damu, waliupoza mwili wake wote kabla ya kufunga mshipa. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu tangu mwanzo kabisa wapasuaji walijua kwamba kukata na kushona si kazi kubwa kuliko zote. Kazi ni kuulinda ubongo wakati unakata na kushona.

Upasuaji huo ukaenea mno Marekani kabla mtu hajathibitisha unamsaidia nani. Ushahidi ulikuja 1991, kwenye utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao NASCET. Waliwachukua watu waliokwisha pata dalili na mshipa wao umeziba kwa asilimia 70 hadi 99, wakawagawa: wengine dawa peke yake, wengine dawa na upasuaji. Ndani ya miaka 2, kati ya kila 100 wa dawa peke yake, 26 walipata kiharusi cha upande ule. Kwa waliopasuliwa walikuwa 9, na humo wamo waliopata kiharusi kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Walioziba kati ya asilimia 50 na 69 faida yao ilikuwa ndogo zaidi. Chini ya 50 hawakufaidika, na mshipa uliokwisha kuziba wote haufunguliwi kwa namna hii.

Namba ninayotamani ibandikwe ukutani katika kila kituo cha afya ilitoka 2004, pale Peter Rothwell wa Oxford na wenzake walipounganisha matokeo ya tafiti za namna hiyo na kutazama muda. Waliopasuliwa ndani ya wiki 2 tangu dalili ya mwisho, ilitosha kuwafanyia watu 5 ili kumwepusha mmoja na kiharusi ndani ya miaka 5. Waliochelewa zaidi ya wiki 12, ilibidi wapasuliwe 125 kumwepusha huyo mmoja. Kisu ni kile kile na mshipa ni ule ule, ila faida imekwisha kwa kungoja. Na ukiuliza wale waliongoja wamekwenda wapi, jibu linaumiza: baadhi walipata kiharusi chao wakiwa kwenye foleni.

Sasa ziweke hizo wiki 2 juu ya ramani yetu. Kutoka Urambo hadi Tabora mjini ni safari ya kawaida. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati. Kabla ya hapo kuna kipimo cha CT-Scan ili kujua kama ubongo una damu iliyovuja, maana aspirini inayomsaidia mwenye damu iliyoganda inaweza kummaliza mwenye damu iliyovuja. Kwa hiyo usimpe mzee wako aspirini kwa kukisia ukiwa nyumbani. Kuna altrasaundi ya mishipa ya shingo, ambayo si kila anayeshika mashine ameizoea. Kuna kipimo cha moyo. Kuna barua ya rufaa, kuna bima au mfuko wa fedha, kuna ndugu wa kuongozana naye. Mahali pamoja tulipopita tuliambiwa kwamba dalili zimeisha, mzee arudi nyumbani aje baada ya mwezi. Mwezi! Aliyesema hivyo hakuwa na ubaya, alikuwa na msururu wa wagonjwa nje ya mlango, na mbele yake amesimama mzee anayetembea na kusalimia vizuri. Lakini huyo anayetembea na kusalimia vizuri ndiye ambaye bado ana kila kitu cha kupoteza. Niling'ang'ania, nikaomba simu kwa daktari wa juu yake, na rufaa ikaandikwa.

Altrasaundi ilionyesha mshipa wa kushoto umeziba kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa zilianza siku ile ile: aspirini ya dozi ndogo pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, statini ya kushusha lehemu na kutuliza yale mafuta ya ukutani, na vidonge vya presha vilivyopangwa upya. Tumbaku ilikatazwa. Ningependa ndugu walielewe hili: kinga ya kiharusi cha upasuaji ilikwisha anza hapo, kwenye kidonge cha kwanza, kabla hatujakata tiketi. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji presha ikiwa juu na damu ikiwa tayari kuganda anaingia na kiharusi mfukoni. Ndiyo maana aspirini haiachwi kwa sababu eti mtu anakwenda kupasuliwa. Utafiti wa 1999 ulilinganisha dozi, na dozi ndogo, ya miligramu 81 au 325 kwa siku, ikawa salama kuliko zile kubwa. Mjomba mdogo alitaka kumwachisha vidonge vyote “asije akatokwa damu nyingi mezani.” Nia yake ilikuwa njema. Daktari akamweleza kwamba damu ya kidonda wanaweza kuizuia, ya kuganda ndani ya ubongo hawawezi.

Dar es Salaam daktari bingwa alitukalisha, akageuza fomu na kuchora mshipa nyuma yake. Sijawahi kuona mtu anaeleza hatari ya kazi yake waziwazi namna ile. Alisema kiharusi kinaweza kuingia kwa milango minne. Wa kwanza, wakati wa kuutafuta mshipa shingoni, ukiushika kwa nguvu kipande kinakatika. Kwa hiyo mikono inakuwa myepesi mpaka mshipa ubanwe. Wa pili, mshipa ukishabanwa, ubongo wa upande ule unategemea damu inayozunguka kutoka mishipa mingine, na si kila mtu ana mzunguko wa kutosha. Wa tatu, saa chache baada ya kushona, damu inaweza kuganda pale palipotolewa mafuta. Wa nne, ambao sikuwa nimeusikia, ni siku za baadaye: ubongo uliozoea damu kidogo unapokea damu nyingi kwa ghafla, na presha ikiwa juu, unavimba au unavuja.

Kwa mlango wa pili mjomba alipasuliwa akiwa macho, shingo imechomwa ganzi. Wengine hulazwa usingizi kabisa. Utafiti wa GALA, uliochapishwa 2008 na wenye wagonjwa 3,526, haukuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili: waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo au kufariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 4.8 kwa usingizi na 4.5 kwa ganzi. Hivyo kinachochaguliwa ni kile timu imekizoea na mgonjwa anakimudu. Faida ya kuwa macho ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo. Mjomba aliwekewa kwenye mkono wa kulia bata wa plastiki, wa kuchezea watoto, anayelia akiminywa. Kila baada ya muda mtu aliyekaa upande wa kichwa alimwambia, mzee minya, naye anaminya, bata analia. Wakamwambia hesabu, anahesabu. Wakamuuliza majina ya wajukuu, anataja. Mkono na maneno, vile vile viwili vilivyomwacha siku ya marobota. Bata asingelia, au hesabu ingevurugika, wangepitisha mara moja mrija wa muda kuvusha damu kutoka chini ya kibanio kwenda juu yake. Wapo wapasuaji wanaouweka mrija huo kwa kila mgonjwa bila kungoja dalili. Mjomba hakuuhitaji. Alituambia baadaye kwamba alisikia watu wanavutavuta shingo lakini hakuna maumivu, na kwamba wajukuu wengine aliwataja mara mbili kwa sababu hakutaka kunyamaza.

Kabla ya kubana mshipa walimpa heparini ili damu iliyosimama isigande. Wakaupasua kwa urefu, wakayabandua yale mafuta pamoja na ngozi ya ndani ya mshipa, wakaokota kila uzi uliobaki ukining'inia, wakasuuza. Hawakushona kingo kwa kingo. Walitia kiraka, kwa sababu mshipa wenye kiraka hubaki mpana na tafiti zimeonyesha unapunguza kuziba tena na kupunguza kiharusi.

Nililopenda kuliko yote ni namna ya kufungua. Daktari alirudi kwenye mchoro wake akaweka namba. Ukiachia vibanio vyote kwa pamoja, kipovu cha hewa au chembe iliyobaki itapanda moja kwa moja kwenye ubongo. Kwa hiyo kwanza wanaachia damu irudi kidogo kutoka juu, itoe takataka nje kabla ya mshono wa mwisho. Kisha wanafungua njia ya usoni. Kisha wanafungua mshipa mkuu wa chini, na mapigo ya mwanzo ya moyo yanasukumwa kwenda usoni, maana chembe ikienda kwenye shavu haimnyimi mtu usemi. Mwisho kabisa ndipo wanaachia njia ya ubongo. Kiharusi kinazuiwa kwa mpangilio tu wa kipi kitangulie kuachiwa, bila mashine ya ziada wala dawa ya gharama.

Saa za kwanza baada ya hapo alikaa chumba cha uangalizi. Muuguzi alimwamsha mara kwa mara, inua mikono, toa ulimi, sema jina lako. Ndugu waliona ni kumsumbua mzee. Mimi nilimwombea baraka yule binti, kwa sababu mlango wa tatu hufunguka hapo hapo: mkono ukilegea ndani ya saa hizo, mgonjwa anarudishwa haraka mshipa ufunguliwe tena, na kila dakika ina thamani. Presha nayo waliishika, isishuke mno damu ikaganda, isipande mno ikafungua mlango wa nne. Wengi hutaka namba ya juu isivuke 160, na wapo wanaoishusha zaidi.

Mlango huo wa nne mjomba alisafiri nao kurudi Tabora. Unaweza kufunguka ndani ya wiki za mwanzo mgonjwa akiwa nyumbani, wageni wamejaa, supu ya mbuzi iko jikoni na chumvi yake, na vidonge vya presha vimesahauliwa kwa furaha. Dalili ni kichwa kuuma sana, hasa upande uliopasuliwa, kuchanganyikiwa, au degedege. Kichwa hicho si cha panadoli. Mpime presha saa hiyo hiyo na mpeleke hospitali. Mkewe nilimnunulia mashine ndogo ya kupimia nyumbani na kumfundisha kuandika namba kwenye daftari, lile lile lililokuwa linatoa karatasi za misokoto.

Wapo watakaouliza habari za kuwekewa stenti, kijibomba cha waya kinachoupanua mshipa kutoka ndani, badala ya kupasuliwa. Utafiti wa CREST wa 2010 ulionyesha kwamba kipindi cha karibu na matibabu stenti iliambatana na viharusi vingi zaidi, na upasuaji ukaambatana na mishtuko ya moyo mingi zaidi. Mwenye moyo dhaifu au shingo iliyowahi kupigwa mionzi azungumze na daktari wake kuhusu hilo.

Nisieleweke kwamba kila mwenye kiharusi Tabora ana tatizo la shingo. Huku kwetu adui mkubwa ni presha isiyotibiwa. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam, ukachapishwa 2010, ulikuta viharusi vipya kwa mwaka vikiwa kama 109 kwa kila watu 100,000 Hai na 316 Dar es Salaam, umri ukishasawazishwa. Wengi wa hao hawahitaji kisu, wanahitaji vidonge vya kila siku visivyokatika dukani wala mfukoni. Na ambaye hajawahi kupata dalili, akakutwa tu na mshipa uliobana, hesabu yake ni nyingine: faida ni ndogo, dawa za siku hizi ni nzuri, hakuna sababu ya kukimbizwa mezani.

Ukifika mbele ya mpasuaji, muulize bila kuona haya: kati ya wagonjwa 100 uliowafanyia kazi hii, wangapi walipata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30? Kwa aliyekwisha pata dalili, kipimo kinachokubalika ni wasizidi 6. Kwa asiye na dalili, wasizidi 3. Daktari wetu alijibu kabla mjomba mdogo hajamaliza swali, na wala hakukasirika.

Mshipa wa kulia wa mjomba nao una mafuta, ila umebana chini ya nusu na haujawahi kumsumbua. Huo haupasuliwi. Unatibiwa kwa aspirini, statini, presha iliyotulia na kuacha kuvuta, jambo ambalo kwa mtu anayelima tumbaku na kuinusa kila siku ni kazi ngumu kuliko meza ya upasuaji, na anaifanya. Altrasaundi itarudiwa mwakani, Tabora Mungu akipenda, na masoko yakiwa yanaendelea.